Kenchi ilivyonielewesha pembe za 90 na 180

Niliporudi kusoma kwa ajili ya QT, yaani mtihani wa maarifa, hapa Dodoma, mada ya pembe kwenye notsi zangu ilikuwa na mistari miwili tu. Pembe mbili zikijumlishwa zikatoa nyuzi 90, ni komplimentari. Zikitoa 180, ni saplimentari. Kukariri hilo hakuchukui muda. Kazi ni pale swali linapogeuzwa kidogo, unabaki kutoa macho.

Mchana nilikuwa nashika msumeno kwa kaka yangu, fundi wa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kule Chang'ombe. Kuna paa moja lilitakiwa liwe na mwinamo wa nyuzi 30. Kaka akachora mstari kwenye mbao, akaniambia, "Huku juu, inapokutana na nguzo ya kati, kata 60." Nikamuuliza 60 kaitoa wapi wakati tunajenga 30. Wala hakuinua kichwa.

"Nguzo si imesimama wima, mdogo wangu? Pale chini imeshakula 90. Pembetatu nzima ni 180, kwa hiyo kona mbili zilizobaki zinagawana 90 nyingine. Ya ukutani ikiwa 30, ya juu ni 60. Ukililaza paa mpaka 20, juu inakuwa 70."

Basi, komplimentari ikawa imeisha hapo. Moja ikipungua, mwenzake anaongezeka kwa kiasi kilekile.

Ya pili niliipata baada ya kukata. Nilitoa kipimapembe kwenye mkebe nikapima ncha ya mbao yetu: 60. Nikaokota kipande kilichokatika, nikapima ncha yake kwenye ubavu uleule: 120. Nikaviunganisha tena, ubavu ukanyooka kama vile msumeno haujapita. Kisha nikakirusha kile kipande kwenye maranda. Bado kilikuwa na 120 yake, na jumla haikuacha kuwa 180. Kwa maoni yangu hapa ndipo vitabu vinapowapoteza wanafunzi: michoro karibu yote huzionyesha pembe hizi zikiwa zimegusana, mtu akadhani ni lazima zikae jirani. Si lazima. Kinachotazamwa ni jumla.

Jioni nikalirudia swali lililokuwa limenishinda: tafuta pembe ambayo saplimentari yake ni mara nne ya komplimentari yake. Pembe yenyewe nikaiita x. Saplimentari ni 180 − x, komplimentari ni 90 − x, kwa hiyo:

180 − x = 4(90 − x)
180 − x = 360 − 4x
3x = 180
x = 60

Nikacheka peke yangu. Ni kenchi ileile! Kipande cha kwenye maranda kina 120, kona ya ukutani ina 30, na 120 ni mara nne ya 30.

Siku hizi, kabla sijashika kalamu, natazama mambo mawili. Pembe ikiwa butu, yaani imezidi 90, isitafutiwe komplimentari, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuijazia. Na zikiwa pembe tatu, kama za pembetatu, hata kama jumla ni 180 hatuziiti saplimentari. Jina hilo ni la pembe mbili tu. Watunga mitihani wanaupenda sana huo mtego wa pili.