Siku Stelingi Alipokufa Metropole

Watoto wa Arusha wa rika langu tulikuwa na sheria moja ya sinema: stelingi hafi. Apigwe, afungwe kamba, atupwe mtoni, mwisho atainuka tu. Sheria hiyo ilivunjika Jumapili moja pale Metropole, ukumbi wa sinema wa mjini kwetu, tulipokwenda kuangalia Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975.

Ukumbi ulifurika. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo aliyetaka picha alikuja pale, na wote walikuja: wenye maduka na familia zao, mafundi gereji, akina mama wa Soko Kuu, akiwemo mama yangu na kanga zake mpya.

Mjomba ndiye aliyeendesha mashine. Kabla picha haijaanza alinipandisha kwenye chumba chake, joto tupu, mikanda imepangwa ndani ya makopo ya bati. Akanieleza kuhusu kiduara kinachochungulia pembe ya juu kulia ya picha: kikitokea, washa mashine ya pili, kikirudi, hamia huko. Kazi ya sekunde chache, na watu chini wasijue kitu. Heshima niliyokuwa nayo kwa kazi ile sijaipunguza mpaka leo.

Nikamuuliza picha inaishaje.

"Kaangalie, mjomba."

Amitabh Bachchan, yaani Jai, alikuwa na sarafu. Penye uamuzi mgumu anairusha, wanafuata ilivyoangukia. Ilipofika zamu ya kubaki darajani kuwazuia majambazi, ikamwangukia yeye. Akapigwa risasi. "Bado! Ataamka!" tulipiga kelele huku mbele. Hakuamka. Rafiki yake, Dharmendra, akaiokota ile sarafu, akaigeuza: pande zote mbili ni zilezile. Jai alikuwa amejichagulia kufa tangu mwanzo. Ukumbi mzima ukalia, na wengi wetu hatukujua Kihindi hata neno.

Mama hakumlilia Jai. Alimlilia Radha, mjane aliyekuwa ameanza kumpenda, pale alipofunga dirisha lake.

Kesho yake sokoni hapakuuzika kitu kwa amani. Mama na wenzake walibishana juu ya mafungu ya nyanya: yule binti arudi kwa baba yake, au abaki kwa mkwewe, mzee aliyekatwa mikono? Mama alisema arudi, aolewe tena, bado mdogo. Mwenzake wa meza ya pili akamjibu kwa hasira: na yule mzee atalishwa na nani?

Wateja nao wakaweka vikapu chini, wakaingia kwenye ubishi.