Matambara ya kudekia

Jumamosi, wiki ya 34 ya ujauzito

Maji yametoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa bado kitandani, nimelalia ubavu wa kushoto, nikimsikia mume wangu uani akiburuta madumu na kuhamisha mpira kutoka ndoo hii kwenda ile. Hapa Tabata tunapokaa, maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, kuna wiki huja mara moja tu. Tulipokuwa wawili hatukulihangaikia sana jambo hilo. Sasa mwenzangu amekuwa mtu wa hesabu. Juzi usiku alikaa mezani na kalamu: nepi kumi kwa siku, ndoo ya kufulia, ndoo mbili za kusuuzia, maji ya kumwogesha mtoto, maji ya moto ya kunikanda mimi. Akafika madumu saba. Yasipotoka bombani, wenye mikokoteni wanauza dumu shilingi 500. Kesho yake akarudi kutoka kazini na madumu manne mapya, akayapanga nyuma ya mlango wa jikoni, akasimama kuyatazama kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Mpaka jana hayo madumu ndiyo yalikuwa kitu pekee tulichomnunulia mtoto wetu. Nguo hata moja, hakuna. Sweta hakuna, kofia hakuna, beseni hakuna. Mama yangu amenikataza.

Mama yuko Muheza. Tangu nilipomwambia nina mimba ya miezi minne, neno lake limekuwa moja: "Mwanangu, usimnunulie kitu ambaye hujamwona." Wifi yangu alitaka kunipeleka Mchikichini tuchague mitumba ya watoto mapema, maana ile ya pamba nzuri wanaiwahi asubuhi. Nikamwambia ngoja kidogo. Akanishangaa. Nilishindwa kumweleza, kwa sababu mimi mwenyewe niliyajua mambo haya mwaka huu tu, na aliyeniambia ni mama mkubwa, siyo mama.

Kabla yangu alizaliwa mtoto wa kiume. Mama alikuwa amemfumia sweta na soksi kwa mkono wake, akamshonea na kimto. Mtoto hakufika arobaini. Mama mkubwa anasema zile nguo zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila zilipohamishwa wakati wa kufagia, mama alitoka nje akaenda kukaa kwa jirani. Nilipokuja mimi, nilivalishwa vya kuazima kwa miezi mitatu. Nimekua nikidhani ni kwa sababu ya umaskini.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kumtii. Nikaenda nalo hivyo kliniki.

Nesi wetu ni mama mtu mzima, ana sauti ya chini, na hajawahi kunifokea. Wiki iliyopita alifungua kadi yangu kwenye sehemu ya maandalizi akaanza kuniuliza. Utajifungulia wapi? Usiku utafika kwa usafiri gani? Umeweka fedha ya dharura? Nani atakuchangia damu ikihitajika? Hayo tulikuwa na majibu yake: jirani mwenye bajaji ameshaahidi, akasema nimpigie hata saa tisa usiku, na shemeji yangu amekubali kuchangia damu. Kisha akaniuliza kuhusu begi. Kanga au vitenge vitano, pamba, glavu, mpira wa kutandika, nguo za mtoto za kumtia joto. Nikasema bado, mama anaogopa. Hakucheka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama yako ana haki ya kuogopa. Lakini mtoto akija usiku, duka gani litakufungulia? Wiki ya 36 nataka nione begi."

Nimeishi na sentensi hizo mbili wiki nzima, ya mama na ya nesi, na zote nimeona zinatoka kwenye mapenzi.

Niandike na habari ya damu, kwa sababu inanipa furaha. Wiki ya 28 ilikuwa 9.8, na nesi akaniambia mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu. Nilikuwa nakula udongo, ule wa vijiti wanaouita pemba, nauficha kwenye pochi hata mume wangu hajui. Nilikuwa pia nameza vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya rangi asubuhi, kumbe chai inazuia mwili usiyachukue yale madini ya chuma. Udongo nao ni hivyo hivyo. Nimeacha udongo, japo mvua ikinyesha ile harufu ya ardhi bado inanijaza mate mdomoni. Vidonge sasa nameza mchana kwa chungwa. Jioni tunakula dagaa na matembele, maini tukiweza. Kipimo cha mwisho kimesoma 10.7. Mume wangu alipoiona ile namba aliibusu kadi mbele za watu.

Na yeye ana wasiwasi wake. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mimi nina siku 84 za likizo ya uzazi. Yeye ana siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Siku tatu zinakwisha kitovu cha mtoto bado hakijakauka. Mimi naona ni chache mno, na nitasema hivyo popote nitakapoulizwa. Mwanamume anayetaka kukaa na mwanawe asilazimike kuomba kama anaomba fadhila. Ndiyo maana usiku anapiga hesabu za maji: anataka siku ya nne akirudi ghalani, nyumba ijiendeshe bila yeye. Mama atakuja mwisho wa Agosti kunitunza hadi arobaini.

Sasa ya jana. Mama alipiga simu asubuhi kwamba ametuma mzigo kwa basi. Mume wangu akapitia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alipotoka kazini, akafika nyumbani saa mbili usiku na kiroba cha machungwa begani. Juu yake kulikuwa na furushi dogo limefungwa kwa kamba ya katani. Kabla sijalifungua, simu ikaita.

"Machungwa yamefika?"

"Yamefika, mama. Asante sana."

"Meza na dawa zako. Na hivyo vingine ni matambara tu ya kudekia. Nilikuwa napunguza vitu kabatini."

Nikakata kamba. Ni kanga kuukuu, zile laini zilizofuliwa miaka mingi hadi rangi yake imebaki kama kivuli. Zimekatwa vipande vya mraba, vyote sawasawa. Nikahesabu ishirini na vinne. Kingo zake zimepindwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya kukaribiana, uzi mweupe mahali, mahali mweusi, ulipoishia ule akaendelea na huu. Macho ya mama siku hizi hayaoni tundu la sindano. Lazima alimwomba mtoto wa jirani amtungie. Kwa ishirini na vinne, sijui alimwita mara ngapi.

Kanga moja niliitambua. Alikuwa akinifuata nayo shule ya msingi kipindi cha mvua, ananifunika kichwani tukirudi. Jina lake lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Sasa kipande kimoja kina MGENI NJOO MW, na kingine ENYEJI APONE.

Nilikaa chini sakafuni. Mume wangu aliuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa, nikampa kimoja akishike. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye pindo.

Mama alikuwa bado hewani. Nikamwambia, "Nimeyaona matambara, mama. Mazuri."

Akakaa kimya. Nikasikia kuku wake nyuma, na redio.

"Zifue kwa maji ya moto," akasema. "Zianike juani. Halafu zipige pasi, pande zote mbili."

"Sawa, mama."

"Pande zote mbili, mwanangu."

Leo kuna jua zuri la kipupwe, na maji yapo. Nimezifua mimi, amezianika yeye kwa sababu kunyanyua mikono juu kunaniletea kizunguzungu. Sasa ni jioni, ametandika blanketi mezani na anapiga pasi. Begi la kijani tulilolitumia safari ya Muheza mwaka jana liko wazi kando yake. Jumatatu nitamwambia wifi twende Mchikichini.