Kumbe shida haikuwa bastola

Niseme ukweli, nilipopata leseni ya bastola nilidhani kazi imeisha. Wapi! Siku ya kwanza reinji (uwanja wa kulenga shabaha) huku Nakuru, mita 7 tu, karatasi kubwa namna hiyo na risasi zangu zote zinaenda chini kushoto (natumia mkono wa kulia), nikalaumu bastola, nikalaumu macho, hadi upepo wa Menengai nikaulaumu. Mzee anayetufundisha, afande mstaafu, hakubishana, alichukua magazini, kile kikasha cha risasi cha bastola, akachanganya risasi za kweli na zile bandia bila mimi kuona. Nikavuta triga, kimya, lakini mtutu ukainama kama mbuzi anakunywa maji. "Umeona, kijana wangu? Unaogopa mlio kabla haujalia." Aki nilishikwa na aibu.

Tangu hapo nafanya mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi, nyumbani, dakika 10 jioni. Natoa magazini, naangalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) mara 2 na kidole naingiza, risasi zote zinabaki chumba kingine, na nalenga ukuta wa mawe, sio ule wa mabati upande wa jirani. Naweka sarafu juu ya mtutu alafu navuta triga polepole isianguke. Mkono wa kushoto ndio ukaze zaidi. Na macho yakae kwa ile alama ya kulengea iliyo mbele juu ya mtutu, shabaha ionekane na ukungu kidogo, hapa ndio wengi wetu tunakosea sababu kila mtu anataka kuona tundu limeingia wapi.

Juzi 8 kati ya 10 ziliingia ndani ya duara la kisosa cha chai. Mzee akasema tu, "Sawa, sasa rudi mita 10."