Kombolela ya Maneno

Mwaka 2016 nilikuwa na watoto 112 wa darasa la kwanza katika shule moja ya kijijini, mkoani Shinyanga. Kitabu kimoja kiliinamiwa na watoto watano, mara nyingine sita, na aliyekaa ng'ambo ya dawati aliyaona maandishi kichwa chini miguu juu. Mtaala wa KKK ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Sisi walimu wa madarasa ya chini tulijua kazi yetu ni moja: mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nilidhani wangu wanajua. Nikigusa silabi ubaoni kwa fimbo, darasa zima liliitika kwa sauti moja, ba be bi bo bu, mpaka walimu wenzangu wakanisifu kutoka ofisini. Aliyeongoza sauti hizo alikuwa mtoto mmoja wa dawati la tatu. Nyumbani walizungumza Kisukuma, na jioni alichunga ng'ombe na kaka zake. Sauti yake ilijaa darasa.

Asubuhi moja nilianza kugusa kutoka chini kwenda juu. Darasa likanywea. Yule mtoto akaendelea peke yake, na nilipogusa "mu" akasema "ba" kwa nguvu zake zote. Ndipo nikaona kwamba haangalii ubao. Alikuwa akiangalia mdomo wangu. Miezi mitatu nzima alikuwa amenisoma mimi, wala sikujua. Iliniuma sana.

Jioni ile nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika maneno kwa maka peni. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo maneno mengi mtoto anaweza kuyaunga silabi kwa silabi. Lakini na, ya, wa, ni, kwa, hii, yule yamo karibu katika kila mstari. Mtoto anayeunga "kwa" upya kila anapoikuta hufika mwisho wa sentensi ameshasahau ilianzaje. Maneno hayo nilitaka jicho liyatambue mara moja, kama mtoto anavyomtambua mbuzi wa kwao kutoka mbali. Nikachanganya na majina ya vitu wanavyovijua: maji, mama, jembe, ng'ombe.

Kesho yake tukatoka uwanjani kucheza kombolela. Walicheza arobaini, wengine wakaandika mchangani wakisubiri zamu. Kila anayejificha alikwenda na kadi yake. Anayetafuta alifumba macho kwenye mwembe akahesabu hadi ishirini. Aliyeonwa alikaa chini ya mti. Aliyewahi kuugusa mwembe bila kuonwa aliinua kadi yake, na akiisoma kabla sijapiga makofi matatu, mateka wote wako huru. Akishindwa, anakaa nao, na kadi inasomwa na mateka. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana waliokamatwa hawakukaa bure. Walinyoosha shingo kuitazama kadi kwa sababu uhuru wao ulikuwa mle.

Mateka walipofika kumi na tisa, yule mtoto alichomoka nyuma ya tangi la maji akaupiga mwembe kwa kiganja. Akainua kadi. Akaniangalia mdomo.

Nikageuza uso nikatazama barabara. Nikapiga kofi la kwanza. La pili.

"Ng'ombe!"

Mateka wakatawanyika wakipiga kelele hadi Mwalimu Mkuu akatoka ofisini. "Mwalimu, hiki ni kipindi gani?" Nikamjibu, "Cha kusoma, Mkuu." Akaokota kadi iliyoanguka, akamwonyesha binti mdogo aliyekuwa karibu. "Kwa," akasema binti. Mkuu akanirudishia kadi, akaondoka.

Nilimwita mtoto wangu pembeni nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha ile alama iliyo juu, baada ya g. "Lina nzi hapa, Mwalimu."

Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na wasiwasi. Jicho lake sasa lilikuwa kwenye neno, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini lilikuwa limeshika nzi tu, na nzi yule hutua kwenye maneno mengi. Usiku nikaandika kadi nyingine tatu: ng'aa, ng'oa, ng'ambo. Jumatatu akaikuta mojawapo, akakimbia nayo mwembeni, akapaza sauti, "Ng'ombe!" Mateka wakakataa. Akakaa nao, amejikunyata, machozi yanamlengalenga. Nikaketi naye chini. Sikumtajia neno. Nilimwambia tu, "Nzi umemwona. Hebu tazama na mkia."

Siku tatu baadaye kadi ile ilimwangukia tena. Safari hii hakupaza sauti. Alimfunika nzi kwa kidole, akamfunua, akasogeza kidole hadi mwisho wa neno, midomo ikitikisika. Nilishapiga makofi mawili, la tatu nikalizuia hewani.

"Ng'o... a. Ng'oa."

Hakuniangalia hata mara moja.