Januari Ile Vikings Waliposhindwa

Msimu wa 1998 timu ya Minnesota Vikings ilishinda mechi 15 kati ya 16. Ilifunga alama 556, na hadi wakati huo hakuna timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, iliyokuwa imefunga alama nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Naanza na hesabu hizi kwa sababu mtu ambaye hakuishi Minnesota majira yale hawezi kuelewa kilichotupata tarehe 17 Januari 1999 asipojua kwanza tulikuwa tumepanda juu kiasi gani.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, viungani mwa Minneapolis. Wakenya wengi wa jimbo lile wanaijua kazi hiyo: kuamsha, kuogesha, kuvisha, kulisha, kugeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama wa kutoka Kisii, mimi ni wa Mombasa, na wazee wetu wengi walikuwa wakulima wastaafu wenye asili ya Norway na Ujerumani. Mmoja wao nilimwita Mzee, naye aliniita binti. Alilima mahindi na soya magharibi mwa Minnesota mpaka magoti yalipomkatalia, na sasa alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Urafiki wetu ulianza Agosti. Tarehe 7 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi, na mwingine Dar es Salaam. Dada yangu alikuwa akifanya kazi katikati ya jiji la Nairobi na simu hazikupita. Mzee alishika kidhibiti cha televisheni ya sebuleni na hakumruhusu mtu yeyote kubadilisha stesheni, hata wale waliotaka vipindi vyao vya mchana. Kila nilipopita nikisukuma toroli la mashuka, picha za Nairobi zilikuwa pale, na Mzee akiniambia jipya lililotangazwa. Dada alipatikana, mzima. Zaidi ya watu 200 hawakupatikana wazima. Sikusahau alichonifanyia Mzee, kwa hiyo Septemba alipoanza kuwatazama Vikings kwenye televisheni ileile, nilivuta kiti kila niliporuhusiwa kupumzika nikakaa naye.

Alinifundisha mchezo kwa vikombe vile vidogo vya plastiki vya kugawia dawa, alivyokuwa akiviweka akiba mfukoni mwa sweta. Vikombe 11 upande huu, 11 upande ule, na kikombe kimoja nyuma ya wenzake ndicho kwotabeki, anayepokea mpira na kuamua kama ataurusha au atampa mwenzake akimbie nao. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa inautoa mpira. Nilidhani ni mchezo wa kugongana tu. Kumbe ni mchezo wa kupanga, na Mzee alikuwa anaona mpango kabla haujatekelezwa. "Watamrushia Moss," angesema, na kweli mpira ungeruka mbali.

Randy Moss! Wachezaji 20 walichaguliwa kabla yake siku ya kuchagua wachezaji wapya, timu nyingine zikiogopa mambo yaliyompata ujanani, mpaka Vikings wakamchukua wa 21. Dallas walikuwa mojawapo ya timu zilizomwacha. Siku ya Shukrani, mwezi wa Novemba, Vikings walikwenda kucheza kwao Dallas. Moss aliudaka mpira mara 3 tu, na mara zote 3 alifika nao mwisho wa uwanja. Mechi ikaisha 46 kwa 36. Nilikuwa zamuni siku ile, na wazee waliokuwa hawajainua mkono tangu kiangazi waliinua mikono. Kwotabeki Randall Cunningham naye alikuwa amestaafu mwaka 1996 akawa anafanya biashara ya marumaru. Alirudi akawa wa akiba, na Brad Johnson alipovunjika mguu mapema msimu ule, Cunningham akaingia na kucheza kuliko alivyowahi kucheza maishani. Kwotabeki mweusi, kocha mweusi, Dennis Green, wakati ambapo makocha weusi katika ligi ile walikuwa wachache mno. Mimi na mama wa Kisii tuliliona hilo na tulilisema kwa Kiswahili, kwa fahari.

Ila wangu mimi alikuwa Gary Anderson. Alizaliwa Parys, Afrika Kusini, akakulia Durban, akaenda Marekani akiwa kijana aliyezoea soka na raga. Alikuwa na miaka 39, akivaa kofia ya kale yenye chuma kimoja tu mbele ya uso, na kazi yake ilikuwa moja: kuingia, kupiga mpira upite katikati ya milingoti, kutoka. Msimu ule wote, mechi 16, hakukosa. Mikwaju 35 kati ya 35. Ile ya nyongeza baada ya kufunga, 59 kati ya 59. Sikumbuki kuona kwingine mtu akifanya kazi yake bila dosari kwa muda mrefu namna ile, na mtu huyo alitoka bara langu. Mzee alijua nampenda. Kila Anderson alipoingia uwanjani alinigusa mkono: "Mtu wako."

Mzee mwenyewe alikuwa na madeni ya zamani na mchezo huu. Vikings walikuwa wamefika Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, mara nne na kushindwa mara zote nne: Januari 1970 na Kansas City, 1974 na Miami, 1975 na Pittsburgh, 1977 na Oakland. Zaidi ya hizo kulikuwa na Desemba 1975, mtoano dhidi ya Dallas, ambapo Drew Pearson alidaka mpira wa mbali dakika ya mwisho. Mzee alishikilia mpaka siku alipokuwa akinisimulia kwamba Pearson alimsukuma Nate Wright na mwamuzi akanyamaza. Alipolieleza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Mwaka huu, alisema, watalipwa.

Katika mtoano wa mwaka huu Arizona waliondolewa kwa 41 kwa 21. Ikabaki fainali ya NFC, mojawapo ya makundi mawili ya ligi, ambayo mshindi wake huenda Super Bowl, na ilikuwa nyumbani, Metrodome, uwanja wenye paa la kitambaa lililoinuliwa kwa hewa, ambamo kelele za mashabiki hazikuwa na pa kutokea. Wageni walikuwa Atlanta Falcons. Watu wa Minnesota waliwadharau, na hawakuwa na haki. Falcons walishinda mechi 14 msimu ule, na kocha wao Dan Reeves alikuwa amepasuliwa moyo mwezi Desemba tu na tayari amerudi kazini.

Jumapili ile nilifanya zamu mbili mfululizo. Tulimaliza kuogesha mapema, tukasogeza viti vya magurudumu nusu duara mbele ya televisheni, na jikoni wakatuletea supu sebuleni badala ya chumba cha kulia. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya chini. Mpira ulianza karibu na saa sita mchana.

Falcons walitangulia kufunga. Kisha Vikings wakawa Vikings: Moss akafunga, Cunningham akafunga, Anderson akapiga mikwaju yake miwili. 20 kwa 7. Kipindi cha kwanza kilikuwa kinakaribia kwisha na wangeweza kuuacha muda upite. Hawakuacha. Cunningham alirudi nyuma arushe, Chuck Smith wa Falcons akamfikia, mpira ukaponyoka, Falcons wakauokota karibu kabisa na mstari wa Vikings, na mara hiyohiyo kwotabeki wao Chris Chandler akamrushia Terance Mathis akafunga. 20 kwa 14. Chumbani watu waliguna wakaendelea na supu. Mzee hakuguna. Alisukuma bakuli lake katikati ya meza na hakuligusa tena.

Robo ya nne ilipoanza tukawa mbele 27 kwa 17. Falcons wakapata alama 3. 27 kwa 20. Halafu Vikings wakausogeza mpira tena, na zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde chache, Gary Anderson akaingia. Umbali haukufika yadi 40. Ukipita ni 30 kwa 20, na hakuna muda wa Falcons kurudisha alama 10. Mama wa Kisii alikuwa tayari anakusanya mabakuli. Mzee akanigusa mkono.

Mpira ulipita nje, upande wa kushoto. Haukuwa mbali na mlingoti, labda urefu wa mkono. Sauti ya mtangazaji ilibadilika, na uwanja ule wa kelele ukafunga mdomo. Nilimtazama Anderson akitoka na kofia yake ya chuma kimoja na moyo wangu uliumia kwa ajili yake kabla haujaumia kwa ajili ya timu, maana hata wakati huo bado tulikuwa tunaongoza.

Falcons wakaja. Chandler alikuwa anachechemea, lakini kila pasi ilifika. Kuna moja haikufika: ilimwendea Robert Griffith wa kwetu, ikagusa mikono yake, na kama angeishika mechi ingekuwa imekwisha. Ikaanguka. Muda mfupi baadaye Mathis alidaka mwishoni mwa uwanja, sekunde 49 zimesalia, 27 kwa 27.

Bado mpira ulikuja kwetu. Sekunde kama 30, timu iliyofunga kuliko timu zote katika historia, Moss yupo, Cris Carter yupo, na kocha akaamua Cunningham apige goti, yaani asishambulie, muda uishe. Mzee alipiga mkono wa kiti chake cha magurudumu. "Kwa nini?" alisema. "Binti, kwa nini?" Sikuwa na jibu, na hata leo nikiutazama uamuzi ule nauona ndio mgumu kusamehe kuliko yote ya siku ile. Mtu anaweza kukosa. Lakini kuwa na wapiganaji wale na kuwaambia wasipigane, hapana.

Katika muda wa nyongeza wa enzi zile, aliyefunga kwanza ndiye aliyeshinda. Timu zilipokezana mpira kwa dakika zilizotuchosha. Mwisho akaingia mpigaji wa Falcons, Morten Andersen, mzaliwa wa Denmark, jina lake la ukoo na la mtu wetu yakitofautiana kwa herufi moja tu. Yadi 38. Ukapita katikati. 30 kwa 27.

Mwaka 1987 Harambee Stars walifungwa na Misri 1 kwa 0 Kasarani, fainali ya Michezo ya Afrika, nami nikiwa msichana niliona baba yangu akitoka nje ya nyumba yetu Kisauni na kusimama barabarani bila kusema na mtu. Wakati ule nilidhani anazidisha. Sebuleni Minnesota bibi mmoja wa miaka 90 na zaidi alikuwa analia kwa sauti ya chini na leso mdomoni, mama wa Kisii amemshika bega, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya viti sijui nianze kumrudisha nani chumbani. Hawa hawakuwa na misimu mingi mbele yao. Walilijua hilo, na sisi tuliokuwa tukiwaogesha tulilijua. Kumwambia mzee wa umri ule "mwaka ujao" ni neno ambalo sikuweza kulitamka.

Jioni, mezani, lawama zilianza, na zote zilikwenda mahali pamoja. Anderson. Anderson ametuua. Mwanamume mmoja aliyekuwa zamani mwalimu alisema mtu anayelipwa kupiga mpira tu lazima aupige. Mzee aliweka kijiko chini akamjibu mbele ya wote: nani aliangusha mpira kabla ya mapumziko? Nani aliuacha uponyoke mikononi? Nani aliamuru goti? Alama ngapi kati ya zilizotufikisha pale zilitoka mguuni mwa mtu yule? Mwalimu alinyamaza, ingawa sidhani alikubali. Watu wengi Minnesota hawajakubali hadi leo, na inanikera kila ninaposikia jina la Anderson likitajwa kwa mkwaju mmoja.

Usiku, nilipokwenda kumlaza, Mzee aliniomba karatasi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku zote, kwa hiyo aliniomba niandike mimi. Ilikuwa barua kwa Gary Anderson, kwa anwani ya klabu. Alimwambia kwamba ametazama timu hii tangu ianzishwe mwaka 1961, ameona wanaume wakubwa wakishindwa, na hajamwona aliyeibeba msimu mzima kwa uaminifu kama yeye. Alimwambia asisome magazeti wiki hiyo. Chini alitia sahihi yake, iliyochukua muda, kisha akaniambia niongeze langu. Niliandika kwamba mimi natoka Mombasa, kwamba kila alipoingia uwanjani nilisimama, na kwamba nitasimama tena Septemba.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King, posta imefungwa. Jumanne niliipeleka.

Anderson alibaki Vikings mpaka 2002. Mwaka 2000 alimpita George Blanda akawa mfungaji wa alama nyingi kuliko wote katika historia ya ligi. Mzee alikuwa bado hai, amedhoofu, ila akili timamu. Jioni ile alinitaka nimsukume mpaka meza ya yule mwalimu, akamweleza, na wote waliokuwa mezani wakasikia, kwamba yeye na binti huyu wa Mombasa walimwandikia barua.