Na mimi nitakaa wapi?

Ijumaa baada ya swala Ami alipita nyumbani kuliona banda. Ni lile lile la kuku, mnalijua. Tangu kideri kiwamalize lilikuwa halina kazi, nikalimwagia sakafu ya saruji, na sasa linageuka karakana yangu ya useremala. Futi 12 kwa 18. Nilikuwa nimeshachora kila kitu sakafuni kwa chaki, kila mashine na mahali pake, na kusema kweli nilitaka anisifu.

Akasimama mlangoni na bakora yake, kimya. Kisha akaanza kuigusa michoro mmoja mmoja.

"Hapa msumeno wa meza?"

"Naam, Ami."

"Umeuelekeza mlangoni."

"Ndiyo. Mbao ndefu itokee uani."

"Vyema. Na mimi nitakaa wapi?"

Nikamwambia, "Utaletewa kiti, Ami."

"Aa. Nitaletewa kiti."

Akaomba maji, akanywa, akarudi zake Ngamiani.

Wiki hii shemeji ameoa, na ofisini imetoka orodha ya uhamisho na jina langu halimo, alhamdulillahi, lakini mimi bado niko na kiti. Nitaletewa kiti. Alikuwa anacheka? Alikasirika? Mama Zuhura anasema nimeanza kusema peke yangu.

Maana hesabu nimepiga. Mbao ya futi 12, ukitaka kuichana nzima, inahitaji futi 12 nyuma ya msumeno na nyingine 12 mbele yake, na banda lote ni futi 18. Ndiyo maana msumeno unautazama mlango: mbao inaanzia ukuta wa nyuma, inatokea nje. Meza ya kazi nimeipanga mbele ya msumeno, chini kidogo ya uso wake, ipokee mbao bila kuikwaza. Kazi ndogo nitakata urefu kwanza ndipo nichane. Mbao nimezipa ukuta mmoja mzima, zilale juu ya vipande, zisiguse saruji, kwa sababu saruji hupandisha unyevu, na hewa yetu ya baharini nayo haina huruma. Ninazo mbao chache za mtiki wa Longuza ambazo sitaki kuziona zimepinda. Vanishi na msumeno havitapewa siku moja. Mashine ukishaizima, lile vumbi laini hubaki hewani muda mrefu, likatua juu ya kazi yako mbichi. Na huu upepo wa kusi unaingilia mlangoni unatokea dirishani, kwa hiyo vumbi langu lote litaishia kwenye kamba ya nguo ya jirani. Hilo bado sijalipatia dawa.

Sasa katika yote hayo, kiti kikae wapi? Popote ukikiweka kiko njiani. Tena mzee na kile kifua chake, akae kwenye vumbi la mbao! Nilikuwa nimeshajiridhisha kabisa.

Halafu jana harusini, taarabu imepamba moto, watu wanatunza, nikamwona Ami amekaa pembeni anapapasa ukingo wa kisu cha keki kwa kidole gumba. Akatikisa kichwa, akakirudisha mezani.

Nikaikumbuka karakana yake. Kigoda chake kilikuwa chini ya dirisha. Msumeno wa mkono umebanwa katikati ya vipande viwili vya mbao, tupa ya pembe tatu mkononi, anapita jino moja, anaruka la pili, akifika mwisho anaugeuza msumeno na kuyarudia yale aliyoyaruka. Mafundi wa Makorora na Duga walikuwa wakimletea misumeno yao. Patasi akishainoa huijaribu kwenye malaika ya mkono wake. Kazi hiyo yote aliifanya amekaa.

Na kwenye chaki zangu kuna msumeno, randa na patasi, vyote vya kunolewa, lakini pa kunolea hapakuchorwa.

Sasa lile swali nalisikia vingine. Na hilo "vyema" lililotangulia, mtu ambaye hasifu hata pilau! Alikuwa anaomba kiti au anaomba kazi?

Chini ya dirisha pana pembe ya futi 3 kwa 4 niliyokuwa nimeigawia makopo ya vanishi. Mwanga unaingilia kushoto, kivuli cha mkono hakiangukii kazi, na dirisha liko wazi kwa ajili ya kile kifua. Makopo yatapanda rafu. Asubuhi nimechora kigoda pale, na jiwe, na ndoo ya maji. Sijamwambia, maana nikimwambia atauliza nani kakuambia mimi nataka kazi.

Zuhura hajapiga simu tangu aingie JKT. Mama yake anasema huko simu haziruhusiwi, nisihangaike. Najua. Lakini alipanda basi na kikohozi, na sweta nimelikuta limening'inia nyuma ya mlango.