Nilimtembelea binti yangu Butimba, yeye akanitembeza Mwanza ya wasanii

Binti yangu alipopangiwa Chuo cha Ualimu Butimba kusomea ualimu wa sanaa, ndugu zangu hapa Bukoba walifurahia ule "ualimu". Ile "sanaa" waliipita kama hawakuisikia. Shemeji yangu mmoja aliuliza kama kuchora nako siku hizi kunahitaji chuo. Sikubishana naye. Mimi ni fundi cherehani, najua kazi ya mkono ina shule yake. Lakini hofu nilikuwa nayo, nikaona ni afadhali niende mwenyewe kuliko kuendelea kusimuliwa kwenye simu.

Kabla ya kukata tiketi niliamua kwamba huko sitakwenda kama mkaguzi. Wazazi wengi tukifika vyuoni tunakagua godoro, tunauliza matokeo, tunahesabu marafiki, tunaacha hela tunaondoka. Nikampigia: "Mimi nalipa nauli na chakula. Wewe nionyeshe sanaa ya huko Mwanza iko wapi." Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja sehemu mfululizo mpaka salio langu likakata.

Nilipanda MV Victoria, ile meli iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1961, ikasimama 2014, ikarudi 2020 baada ya matengenezo makubwa. Unaondoka Bukoba usiku, unaamka Mwanza. Mzigo wangu ulikuwa mkungu wa ndizi, senene za kukaanga, na jora la kitambaa cha marekani. Hilo jora ndilo aliloniagiza. Nilidhani anataka mashuka.

Kumbe ni ya kuchorea. Turubai la kununua tayari ni ghali kwa mwanafunzi, kwa hiyo wanajitengenezea: fremu ya mbao, marekani juu yake, halafu mpako wa gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka kuta. Usipoupaka, rangi ya mafuta inazama kwenye nyuzi na baadaye kitambaa kinaoza. Tulitengeneza moja pamoja nje ya darasa lao la uchoraji, na hapo ndipo nilipojisikia nimefika nyumbani. Unapiga msumari wa kwanza katikati ya upande mmoja, unavuta kitambaa unapiga wa pili upande wa pili ukitazamana na wa kwanza, kisha pande mbili zilizobaki, na kutoka hapo unaelekea pembeni kidogo kidogo. Ukianzia kona, kinapinda. Mimi nikamwonyesha jinsi ya kufuata uzi wa kitambaa kisikae mshazari, na ile pembe kuikunja kama pindo la mto ili isivimbe. Mpako ulipokauka, marekani ilikaza yenyewe mpaka ukiigonga inalia. Wenzake wawili wakaja na fremu zao. Nikawa fundi wa watu.

Kuhusu kazi zenyewe, nitasema kweli: nilikuta picha nyingi za kiti cha plastiki. Kiti kwa mbele, kiti kwa ubavu, kiti kimepinduliwa, kiti na kivuli chake. Mzazi ukikutana na kitu kama hicho usiulize "hii ni nini?" Mtoto anafunga mlango hapo hapo. Mimi niliuliza maswali ya fundi: umeanzia wapi, hapa umefuta mara ngapi, rangi hii umeipataje. Akafunguka. Aliniambia rangi ya kahawia hainunui, anaichanganya kwa nyekundu, njano na bluu. Nyeusi ya kopo mwalimu wao haipendi, anasema inaua picha, kwa hiyo wanaipata kwa bluu iliyokolea na kahawia iliyokolea. Akaweka tone la nyeusi ya kopo na tone la ile ya kuchanganya, moja kando ya lingine. Ya kopo ilikuwa nyeusi tu. Ile nyingine ukiinamisha kichwa unaona ubuluu unachungulia ndani. Nimeshona suti nyingi nyeusi maishani, tofauti hiyo naijua kwenye vitambaa, sikuwahi kuifikiria kwenye rangi.

Nilimuuliza pia habari za kazi, maana siwezi kujifanya hilo halinihusu. Akanieleza kwamba mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 ina mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, na sanaa bunifu imo, kwa hiyo shule zitahitaji walimu wa kufundisha uchoraji, muziki na maigizo. Nimeiweka moyoni. Ajira za serikali tunazijua, lakini angalau mlango upo.

Kesho yake tukaenda Bujora. Unapanda daladala za Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka mjini, kisha bodaboda inakupandisha mpaka makumbusho ya Wasukuma. Mahali hapo palianzishwa miaka ya 1950 na padri wa Kanada, David Clement wa shirika la wamisionari wa Kikatoliki la White Fathers, ambaye alijifunza Kisukuma na kuamua kwamba kanisa na utamaduni wa wenyeji vikae uwanja mmoja. Kanisa lenyewe ni la duara kwa mtindo wa msonge. Kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimepangwa ngoma za himaya mbalimbali za Usukuma. Utemi ulifutwa 1963, ngoma zikabaki. Kiingilio kipo, na mwongozaji mlipe bila kulalamika. Bila yeye utaona vyungu na mikuki tu.

Mwongozaji wetu alitukalisha kwenye habari ya Bagika na Bagalu, na hapo ndipo muda ulipoishia. Ni vyama viwili vya wachezaji ngoma, vimetokana na wakuu wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha, karne ya 19. Mpaka leo hushindana, hasa baada ya mavuno. Viwanja viwili, siku moja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji wala kadi ya alama. Ndiyo maana wengine wanacheza na majembe, hiyo ndiyo bugobogobo, wanayarusha na kuyadaka kwa kufuata ngoma, na wengine wanaingia na chatu. Binti yangu alikuwa anaandika haraka haraka. Kwetu Uhaya mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, anakaa chini, watu wanakaa kumsikiliza, mambo ya kugombania watazamaji hayapo. Sasa naelewa kwa nini Msukuma akipanda jukwaani hana aibu.

Yeye alichokwenda kutafuta hasa ni michoro. Mafundi wa nyoka wa Usukuma, Bayeye, walikuwa na desturi ya kuchora kuta za nyumba walimofundishia wanachama wapya: nyoka, watu, wanyama. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kizima cha michoro hiyo mwaka 1953. Binti yangu anataka kazi yake ya mwisho ya chuo itokane nayo. Nilimuuliza kama nyoka ni lazima. Akasema ni lazima.

Mjini kati sikuona jumba kubwa la maonyesho. Nilimuuliza kama hilo halimkatishi tamaa, naye akanipeleka Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Harufu ya dagaa inakupokea mbali. Tukapita magunia mpaka kwenye mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu. Ukiangalia haraka unaona mbao na nyavu. Ukitulia unaona kila ubavu una maandishi: Wivu Hasara, Mungu Hajaribiwi, majina ya wake, majina ya timu. Fundi mmoja wa makamo alikuwa kazini. Kwanza alivuta kamba iliyopakwa chaki kutoka mwisho hadi mwisho, akaifyatua, ikaacha mstari mweupe ulionyooka. Akafuatisha mwingine chini yake. Kisha mkono wa kushoto akashika kijiti, akakiegemeza kwenye ubao, akalaza mkono wa kulia juu yake usitetemeke, na brashi ikaanza kutembea. Herufi S aliipiga mara mbili tu: mkunjo wa juu, mkunjo wa chini. Kivuli chekundu akakiacha kwa baadaye, njano ikauke kwanza.

"Shikamoo mzee," binti yangu akamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa Butimba?"

Kumbe wanafahamiana. Mzee alituambia kazi za mabango ya maduka zimekwisha, zote zimechukuliwa na mashine za kuchapa, lakini mtumbwi hauingii kwenye mashine. Namba za usajili lazima ziandikwe, na mvuvi akishalipia namba anaongeza na jina. Nilimuuliza analipwaje, akacheka, akasema inategemea mvuvi amerudi na nini.

Tulikula sato wa kuchoma pale pale, na ugali, tukiwa na mzee. Nadhani hilo ndilo darasa lililoniondolea hofu kuliko maelezo yote ya mitaala.

Kurudi nilichagua basi la mchana kutoka stendi ya Nyegezi, nilitaka kuona daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Waliokuwa wakisubiri kivuko pale wanajua raha yake. Dakika chache umeshavuka.

Sasa tunapanga Juni, wakati wa Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma pale Bujora, Bagika na Bagalu wakiwa uwanjani. Itabidi nimalize sare za kwaya mapema. Binti yangu ameniagiza jora jingine, mara hii kubwa zaidi, na ameniambia siku za Jumamosi anakwenda Mwaloni kumsaidia yule mzee. Ameruhusiwa namba za usajili tu. Majina bado.